Tepe za Bondeni

Wenzake walimwita Mkia, na jina lenyewe halikuwa tusi. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kundi la watembeaji likiingia msituni, kiongozi anatangulia mbele na maneno yake matamu, mara ndege yule, mara mti huu, na Mkia anakuja nyuma ya wote, nyuma hata ya yule mama aliyevaa viatu vipya vinavyomla vidole. Wa mwisho akikaa, naye anakaa. Wa mwisho akilia, anambembeleza. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyepotea mbele ya macho yake, na kwa hilo alikuwa na majivuno, weee, kama jogoo aliyeambiwa jua linachomoza kwa ajili yake!

Kazi yake ya pili ilikuwa tepe. Kukiwa na mbio za msituni, Mkia anazunguka siku moja kabla akifunga tepe za plastiki za rangi ya chungwa kwenye matawi, wakimbiaji wasipotee. Mbio zikiisha, anazunguka tena kuzifungua.

Jumamosi ile mbio ziliisha salama, akafungua tepe zote za vilimani. Alipofika njia panda ya kushukia bondeni, mvua ikamwagika kama ndoo iliyopigwa teke. Na bonde lile likilowa ni sabuni tupu. Akajisemea, aka, za bondeni nitazitoa Jumatatu, hazina miguu. Akaenda zake nyumbani kuoga.

Jumapili shemeji yake akaingia msituni peke yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mdogo, alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kutwa. Kitambi kilikuwa kinamtangulia kama kimetumwa dukani. Daktari alishamwambia atembee, la sivyo aanze kuaga watu. Basi Mkia akawa hampi nafasi.

"Shemeji, hicho kitambi unakilea au umekikodi?"

"Nyamaza wewe. Mtu mzima unaitwa Mkia halafu unacheka wenzako!"

"Njoo msituni nikutembeze."

"Nije nikaburute miguu na wewe nyuma ya watu? Mimi nitakuja kivyangu, siku hujui hili wala lile, nikutumie picha niko kileleni, uumwe tumbo la wivu."

Ndiyo hiyo Jumapili. Mlinzi wa getini alimwona akiingia asubuhi na fimbo na chupa ya maji, anatabasamu peke yake. Mpaka giza linaingia hakuwa ametoka, na simu yake ikawa haipatikani.

Jumatatu mkuu wa askari wa msitu akakusanya watu: askari wake, waongozaji, na watu wa kujitolea kutoka mjini. Akaugawa msitu vipande kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, kila kundi na kipande chake. Na utaratibu wa kutafuta mtu pale uko hivi: mkishapekua mahali, mnafunga utepe kwenye tawi, ili kundi lingine likipita lisipoteze muda. Penye utepe pameshaangaliwa. Mkuu akafungua stoo, akatoa boksi, akagawa. Tepe za rangi ya chungwa. Boksi lile lile la mbio, maana stoo nzima haikuwa na rangi nyingine.

Mkia alichukua fungu lake akaondoka mbio. Hakuwaza tepe. Alimwaza dada yake, aliyekaa kwenye benchi la getini na koti la mume wake mapajani.

"Kaka," dada alikuwa amemwambia, "si wewe ndiye usiyepoteza mtu? Basi niletee wangu."

"Nitamleta, mdogo wangu. Hata kwa kumbeba mgongoni."

"Na kile kitambi?" Akajaribu kucheka. Kicheko kikakwama katikati.

Kundi la kujitolea lililopangiwa bonde likafika njia panda, likaona utepe. Mbele yake mwingine. Kule chini mwingine. Wakaita kwenye redio ya mkononi.

"Mkuu, huku bondeni kuna tepe mpaka chini. Wenzetu wameshapita."

"Kundi gani?"

"Hatujui, ila tepe zipo."

"Haya. Hamieni ng'ambo ya kilima."

Mkuu akalipaka bonde lote kalamu kwenye ramani. Jioni Mkia aliporudi, ameparuzwa na miba mpaka masikioni, akaiona ile rangi, akashusha pumzi. Angalau kule pabaya pameshakwisha.

Jumanne, hivyo hivyo. Waliita mpaka sauti zikabaki za bata. Mama yao, aliyekuwa mbali, alipiga simu asubuhi, mchana, na tena mchana, kwa sababu mkwe huyu alimpenda kuliko watoto aliowazaa mwenyewe na wala hakuwaficha. "Mkimpata tu, nipigieni," alisema. "Hata akiwa anajisaidia, mpeni simu."

Jumatano kundi la Mkia likapita pale njia panda likielekea upande mwingine. Wenzake wakapita. Yeye, kama kawaida, alikuwa wa mwisho, na kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Akainama, akaifunga, akainua kichwa, macho yakatua kwenye utepe.

Fundo.

Watu wanaotafuta hufunga kwa haraka, mafundo mawili, wanakaza, wanaondoka. Hili lilikuwa fundo moja la kitanzi, ncha ndefu inaning'inia kushoto, lile unalivuta mara moja linaachia. Fundo la mtu anayejua atarudi kulifungua mwenyewe.

Akaivuta ile ncha, likaachia.

"We Mkia, vipi?" kiongozi wa kundi akauliza kutoka mbele.

"Hizi zangu."

"Zako nini?"

"Tepe! Za mbio! Jamani hakuna aliyeshuka huku. Hakuna mtu aliyeshuka huku!"

Hakusubiri jibu. Alishuka kwa miguu, akashuka kwa makalio, akashuka kwa mikono. "Shemeji! Shemejiii!" Bonde likamrudishia sauti yake mwenyewe, nayo ilikuwa mbaya kuisikiliza.

Alimkuta kwenye kona, chini kidogo ya njia, ameegemea jiwe karibu na maji. Mtu anayepita pale juu akiita angesikika bila shida. Macho yalikuwa nusu wazi. Mkia akamgusa shavu: baridi. Akamwingiza mkono kwapani.

Kwapani palikuwa na joto. Joto dogo, la sufuria iliyoepuliwa muda umepita, lakini joto. Hakuwa amekufa Jumapili. Hakuwa amekufa jana. Alikuwa amekufa asubuhi ile ile, wakati wao wanakunywa chai getini.

Mkuu alipofika, naye alimgusa, naye akaelewa. Akamvuta Mkia pembeni, nyuma ya mti.

"Dada yako asijue hili."

"Lipi?"

"La joto. Tutasema alianguka Jumapili, akaenda pale pale. Hakuteseka. Nani atabisha?"

"Na tepe?"

"Tepe niligawa mimi, Mkia. Mimi ndiye niliyepaka ramani. Tukimwambia, mume atafufuka?"

Mkia hakusema ndiyo. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayetikiswa na mwingine.

Getini wakaweka machela chini. Mkuu akavua kofia, akasema maneno yake vizuri, kwa upole wa mtu aliyewahi kuyasema kwa wengine. Alianguka Jumapili ile ile, dada yangu. Hakuhisi kitu. Pole sana.

Dada hakulia. Alipiga magoti, akaanza kufunua shuka kutoka miguuni.

Mguu mmoja ulikuwa umevunjika chini ya goti. Fundi alikuwa ameichana suruali yake, akaweka vijiti viwili ubavuni mwa mguu, akavizungushia kitambaa na kukishona. Sindano anayo siku zote, imechomekwa nyuma ya ukosi wa shati pamoja na uzi wake. Ndivyo walivyo mafundi. Dada alikuwa amekaa naye dukani tangu waoane, yeye akipiga vifungo, mume akikata na kuunga. Akapitisha kidole juu ya ule mshono, taratibu, kama anakagua kazi ya mteja.

"Huu umefumuliwa," alisema.

Akausogeza mguu kidogo kwenye mwanga.

"Si mnaona matundu? Alishona hapa kwanza, akabana. Mguu ukavimba, akafumua, akaacha nafasi. Akashona hapa." Kidole kikahama. "Ukavimba tena. Hapa uzi ulishamwishia, huu ameuchomoa kwenye pindo la shati." Akainua uso. "Mkuu, mtu aliyekufa Jumapili anashona saa ngapi yote haya?"

Mkuu akaitazama kofia yake mkononi.

Dada akageuka. "Kaka. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Mkia alifungua mdomo aseme ule uongo wa kule nyuma ya mti, akaukuta haupo.

"Tulikuwa juu," alisema. "Bondeni tulijua pameshaangaliwa. Kulikuwa na tepe. Lakini zilikuwa zangu, za mbio. Nilitakiwa kuzitoa Jumamosi, sikuzitoa."

"Kwa nini?"

"Mvua."

"Mvua," dada akarudia, polepole, kama anaonja kitu asichokijua. Akaufunika ule mguu, akachomeka shuka pembeni vizuri kama anavyochomekewa mtu anayelala, akasimama akajipangusa magoti.

"Kuzika usije."

"Mdogo wangu, tafadhali..."

"Watu watakuuliza ilikuwaje, na wewe ukiulizwa unajibu. Sitaki kulisikia hilo neno tena mbele ya kaburi. Usije, kaka."

Wakamwingiza fundi kwenye gari, dada akapanda nyuma karibu naye, mlango ukafungwa. Mkia akabaki kati ya geti na barabara, tope limemkauka mpaka kifuani. Mkuu alimgusa bega, akaingia ndani.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mama. Akaiacha ikakatika. Ikatetemeka tena. Ya tatu akaipokea.

"Wewe! Mbona hupokei? Mmempata?"

"Tumempata, mama."

"Nilisema! Mimi si nilisema?" Mama akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akasikika akiwaita watu wa nyumba aliyokuwamo, "Jamani amepatikana! Mkwe wangu amepatikana!" Viti vikaburutwa, mtu akapiga makofi. Kisha sauti yake ikarudi karibu kabisa na simu, ikihema kwa furaha.

"Haya mpe simu, baba. Mpe niongee naye."