Weka Jembe, Shika Mti

Vumbi lilipanda kwanza, kishindo kikafuata. Vumbi jekundu, vumbi zito, likasimama juu ya shimo la dhahabu asubuhi ile, na mimi Mbuke, mkeo, mwiko wa uji mkononi, nikajua nani yuko chini yake. Ni wewe, Bujiku. Wakaniambia nisubiri, huenda hukushuka. Nilikuamsha mwenyewe uende zamu, nisubiri nini?

Watu walifukua kwa majembe, kwa sufuria, kwa kucha. Wakakutoa ukiwa wa saba, mwekundu mwili mzima, nisijue vumbi linaishia wapi na damu inaanzia wapi. Ukafumbua jicho moja, ukaniuliza kama uji umeungua. Umeungua, mume wangu! Umeungua, na uungue tu!

Zahanati ya kambi ilikuwa chumba kimoja, vitanda viwili na dresa mmoja wa kufunga vidonda, Pantaleo, mtu wa Ushirombo. Majeruhi saba, mikono miwili. Nilimwona akimruka mtu ili amfikie mtu. Aidini ikamwishia, bendeji zikamwishia, akaniomba kaniki yangu. Nikaipasua. Akaufunga mguu wako juu ya goti, akapitisha kijiti katika fundo, akakizungusha mpaka damu ikakoma.

"Mama, hapa nimezuia tu," akasema. "Mfupa umetoka nje. Wa kuutengeneza ni daktari wa misheni, maili kumi na tano. Jua likivuka utosi likaanza kuinama, mguu huu si wake tena." Akanishika vidole, akanifundisha. "Kila mwendo kidogo, legeza, hesabu mpaka ishirini, kaza. Usipolegeza, mguu unakufa. Usipokaza, anakufa mwenyewe."

Legeza, hesabu, kaza. Shule sikuiona mlango, Bujiku, lakini somo hilo lilinikaa mara moja.

Lori la kambi lilikuwa safarini Mwanza. Wanaume walikuwa shimoni wakiwatafuta wengine, na nani angethubutu kuwaita? Nikapewa wanne na machela. Wa tano akaja Mageni, mpiga ngoma wetu, bega limeteguka, ngoma ya kulimia shingoni. Kubeba siwezi, akasema, lakini nitawapa hatua moja. Maana ngoma ile huangusha majembe arobaini kwa pigo moja, na wabebaji wakikanyaga kwa pigo moja mfupa wako haurushwi.

Basi twende! Twende, jamani, twende! Ngoma inadunda, nyayo zinadunda, moyo wangu unadunda, na mimi pembeni ya machela, mkono mmoja kwenye kijiti, jicho moja kwenye jua. Legeza, hesabu, kaza.

Maili ya tatu, mbebaji wa mbele akapiga goti. Akainuka. Akapiga goti tena. Watu wanne kwa maili kumi na tano, nilijua tangu mwanzo kwamba hawatoshi, nikatoka nao hivyo hivyo. Nikalikasirikia jua. Nikaikasirikia dhahabu. Nikakukasirikia wewe kwa uzito wako, na ugali wote niliokulisha kwa upendo nikaujutia pale pale barabarani.

Ndipo nikawaona.

Ulikuwa ule mwezi ambao kila mtu anatazama mawingu, mvua ya kwanza bado, majembe yamekwisha nolewa. Wanakijiji waliposikia ngoma walidhani kuna shamba limefunguliwa. Wakatoka, ewe Bujiku, wakatoka! Ishirini na zaidi, majembe begani, wanacheka, wameshaanza kuimba, na mama mmoja wa mbele, Tabu, akaniuliza, "Mayo, mama, leo tunalima kwa nani?"

"Hatulimi!" nikapiga kelele. "Tunabeba mtu! Weka jembe, shika mti!"

Hawakuuliza mtu gani. Tungepiga mwano, lile yowe la hatari, wangekuja na mikuki, wangetaka kujua mwizi wa ng'ombe kakimbilia wapi, na jua lingetuacha. Ngoma ya kulimia huita mabega tu. Majembe yakalala kando ya njia, na miti ya machela ikapanda mabega mapya.

Kijiji kilichofuata, vivyo hivyo. Na kilichofuata. Wanakuja kulima, wanakuta mtu. Weka jembe, shika mti! Wanapokezana bila kusimama, na wewe unapita juu ya mabega kama mtungi wa bibi harusi, hakuna anayetaka awe ndiye aliyeudondosha. Nilikuwa nalia na kucheka. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kufurahi vile. Legeza, hesabu, kaza!

Jua lilikuwa utosini tulipofika misheni. Sista akatoka mlangoni, akaona wingu la vumbi na watu sitini, akashika kichwa. Ndani vitanda vilijaa, mikeka ilijaa mpaka barazani, daktari alikuwa mmoja tangu alfajiri.

"Wagonjwa wangapi?" akauliza, sauti imekwisha.

"Mmoja, Sista."

"Na hawa wote?"

"Hawa ndio miguu yake."

Akatutazama. Kisha akaanza kugawa kazi, na Bujiku, ungeona! Wa maji wakaenda maji, wa kuni wakaenda kuni, Tabu akashika beseni kama aliyezaliwa nalo. Daktari akainama juu yako. "Mama, achia sasa," akaniambia. Vidole vyangu vilikataa. Ilibidi Sista avifungue kimoja kimoja kutoka kwenye kijiti.

Wawili hawakutoka shimoni siku ile. Mmoja alimfia Pantaleo mikononi, akingoja zamu yake. Nawakumbuka kila ninapokaza fundo la kaniki.

Lakini mguu wako upo. Umepinda, una kiburi, unakokota, lakini upo. Na leo ngoma ikilia, wewe ndiye wa kwanza kutoka, jembe begani, wala hujui ni shamba au ni mtu. Unapita mbele ya jiko langu ukiburuta mguu, ukitimua vumbi kuliko wote. Vumbi jekundu, vumbi zito, linaingia mpaka kwenye uji. Nami naukoroga, naunywa.