Miezi Sita Chini ya Kengele

Wauguzi wa wodi ya upasuaji walimwita Kengele, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa karibu. Sauti yake ilitangulia mlangoni, kisha yeye akafuata: mama wa kimo cha wastani, gauni jeupe lililopigwa pasi likakauka kama ubao, saa ndogo kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika uuguzi, na ndiye aliyekabidhiwa kumlea binti mmoja mgeni, muuguzi aliyetoka chuoni karibuni, kwa miezi yake sita ya mwanzo.

Binti huyo sasa ni mtu mzima mwenye wodi yake mwenyewe. Lakini ukimuuliza kazi aliijulia wapi, macho humwenda mbali, akaanza kutabasamu. Atakutajia wodi ndefu ya vitanda kumi na vinane, madirisha yaliyofungwa kwa kamba kwa kuwa komeo zilishakufa, na jua la saa moja asubuhi likitambaa kwenye sakafu ambayo bado haijakauka maji ya deki.

Siku ya kwanza Kengele alimpa kitanda akitandike. Akatandika. Kengele akavuta shuka lote, akalitupa kitini.

"Tena."

Akatandika tena, likavutwa tena. Mara ya nne wagonjwa wenyewe walianza kutazama pembeni kwa huruma.

"Chuo gani kilikupa cheti?" Kengele aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Au walikuwa wanavigawa kama karanga?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Jina lake likawa "wewe mpya." Akiuliza jambo, anajibiwa, "Kwani hukusoma?" Asipouliza, "Unajifanya unajua?" Akitembea haraka, anaambiwa anawakimbia wagonjwa; akipunguza mwendo, eti anavuta miguu kama bibi harusi. Kufika mwezi wa pili alikuwa ameshajua kulia bila sauti ndani ya stoo ya shuka, uso ameuzika kwenye mablanketi yanayonuka sabuni ya kipande.

Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa mikono mizito na maneno ya kuhesabika. Siku aliyorudi na barua ya kuacha kazi mkobani, shangazi aliisoma amesimama, akaikunja.

"Umeiandika vizuri," alisema. "Haya, leo umejifunza nini?"

"Shangazi, yule mama..."

"Sijakuuliza habari za yule mama. Huyo nishamjua, hana dogo. Nakuuliza kazi."

Binti akafikiri, pua bado imeziba. "Nimejifunza kumgeuza mtu aliyepasuliwa bila kumtonesha."

"Nionyeshe."

Shangazi akajilaza kwenye kochi, akajilegeza mwili mzima, na alipoguswa tu akapiga ukelele wa uongo uliowachekesha wote wawili hadi machozi. Barua ikaishia chini ya kopo la sukari, na hakuna aliyeitafuta.

Tangu hapo swali lilikuwa lilelile kila jioni, na ilimbidi awe na jibu. Kwa hiyo akaanza kuitazama mikono ya Kengele badala ya mdomo wake. Na mikono ile, kusema kweli, ilikuwa na akili. Iliupata mshipa kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini. Ilibandua bandeji bila mgonjwa kukunja uso. Akapiga moyo konde, ujuzi akauchukua, matusi akayaacha yapite.

Mwezi wa nne aliletwa mzee wa kitanda namba tisa, dereva mstaafu wa malori, aliyepasuliwa ngiri asubuhi ileile. Saa nane mchana ilipopita kidogo, binti alimkuta akitupatupa shuka, vidole vya baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio.

"Sista, mzee wa tisa simwelewi. Mapigo yake ni mia na kumi na nane."

"Anataka kubembelezwa." Kengele hakuinua uso kutoka kwenye rejista ya dawa. "Bandeji ina damu?"

"Haina."

"Basi."

Robo saa baadaye akapima tena. Presha ilikuwa imeshuka. Akarudi kusema.

"Usimsumbue daktari kwa woga wako," Kengele akamkatiza.

Binti akaandika kwenye chati saa, vipimo, na jibu alilopewa. Aliporudi kitandani, mzee alimshika mkono. "Binti yangu," alisema taratibu, "mbona kunaingia giza?"

Hapo hakuuliza mtu. Alitoka mbio hadi wodi ya pili, akamtoa daktari katikati ya mazungumzo. Daktari alipombonyeza mzee tumbo, alisema maneno matatu tu: "Upasuaji. Sasa hivi." Damu ilikuwa inavujia ndani. Mzee akapona, na wiki mbili baadaye alitoka wodini akipiga honi kwa mdomo.

"Umeniruka," Kengele alimwambia jioni ile.

"Ndiyo, Sista. Nilikuja kwako mara mbili. Mara ya tatu mzee hakuwa na muda."

Kengele akamshtaki kwa matroni: utovu wa nidhamu. Matroni, mama mwembamba mwenye miwani, aliwaita wote wawili, akaisoma chati mstari kwa mstari.

"Saa nane na dakika kumi. Uliambiwa?"

Kengele akaiweka sawa saa yake ya kifuani.

"Saa nane na dakika ishirini na tano?"

Kengele akapewa onyo la maandishi. Kisha matroni akamgeukia binti. "Nikuhamishie wodi ya watoto?"

"Ndiyo" ilimfika hadi ncha ya ulimi. Akaimeza. "Nimebakiza miezi miwili, mama. Niache nimalize. Ila nikikosea, aniite pembeni. Si mbele ya wagonjwa."

"Umesikia?" matroni akamuuliza Kengele.

"Nimesikia."

Hawakuwa marafiki. Kengele alimwita pembeni kweli, siku nyingine mara tano, akinong'ona ukali wake kama chungu kinachotokota kikiwa kimefunikwa. Mwisho wa miezi sita aliandika neno moja kwenye fomu ya tathmini ya binti: Anafaa. Shangazi alilisoma, akaguna. "Mchoyo hata wa wino."

Miaka mingi ilipita. Wakakutana kwenye duka la vitambaa, Kengele amestaafu, anatembelea fimbo.

"Ulikuwa mbishi wewe," alisema.

"Nawe ulikuwa mkali, Sista."

Kengele akapapasa kitambaa cha pazia. "Yule mzee wa tisa. Mwaka mzima nilimwona kila nikifumba macho."

Hakuomba radhi, wala binti hakumdai. Walianza kukumbushana: daktari aliyepoteza kalamu kila siku, paka aliyezalia chini ya meza ya dawa, yule mgonjwa aliyekataa kuruhusiwa kwa kuupenda uji. Kilio cha stoo ya shuka kilikuwa kimeshamwondoka binti moyoni; kilichobaki ni hamu ya wodi ile na ya ujana alioutumia mle ndani. Wakacheka, wakashikana mikono, wakakumbuka jingine, hadi mwenye duka akawauliza kwa adabu kama wananunua, au awaletee viti.