Kifungu cha Tisa

Siku tatu kabla ya tarehe kumi na nne Februari, Deandra Pruitt aliingia ofisini kwa bosi wake na karatasi mkononi, kama anayekwenda kukiri wizi. Alikuwa meneja wa ofisi katika karakana ya meno ya bandia ya Garo Tashjian, mjini Fresno, na kwa miaka minane yeye ndiye aliyewapa mafundi mikataba watie sahihi. Kifungu cha tisa kilisema: ukiacha kazi hapa, miaka miwili usitengeneze meno kwa mshindani yeyote wa karibu.

"Mzee, hiki kifungu ni batili. California haikitambui kabisa. Na sasa sheria inataka, kufikia tarehe kumi na nne, tumwandikie kila mtu kwa jina lake, waliopo na walioondoka tangu mwaka 2022 uanze, tumwambie hakimfungi."

Garo hakuinua macho kutoka kwenye taya la plasta. "Niwafungulie zizi mwenyewe? Yule jamaa mwenye karakana mtaa wa pili anawanyemelea mafundi wangu kila siku!"

"Tusipotuma kuna faini, tena kwa kila mtu."

"Nani atajua? Utasema wewe?"

Deandra alirudi mezani pake. Faini haikumtisha sana. Kilichomtisha ni barua nyingine, aliyoiandika yeye mwaka uliopita, kumwambia Ofelia Barragán, fundi aliyekuwa ameacha kazi, kwamba akigusa taya la mtu atashtakiwa. Ofelia alichonga meno ukadhani mtu kazaliwa nayo. Sasa, watu walisema, alikuwa akichambua lozi kiwandani.

Alichapa barua kumi na tatu. Akazipeleka kwa Garo pamoja na kalamu.

"Usipotia sahihi, mzee, naondoka leo."

Garo alimkodolea macho. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa kama si yake. "Na wakiondoka wote, Deandra? Nina miaka sitini na minane. Mtu ataanza upya na nini?"

Hapo ndipo Deandra alipojua kwamba mzee alikuwa akiogopa kuliko yeye. Alimsogezea kalamu, nayo ikaanza kukwaruza karatasi.

Kumi na mbili zilikwenda kwa posta na kwa baruapepe. Ofelia alikuwa amehama, na baruapepe yake haikufanya kazi tena. Deandra alimbembeleza dada yake Ofelia kwa simu, akapewa anwani ya mji wa Madera, akaendesha gari mwenyewe adhuhuri ya tarehe kumi na tatu.

Ofelia alifungua mlango, akamwona, akakauka.

"Mmenifuata mpaka huku? Sijafanya kitu! Yule bibi jirani nilimrekebishia meno tu, sikumtoza hata senti, naapa!"

"Sikuja kukushtaki, dada. Soma."

Ofelia alisoma mara mbili. "Kwa hiyo kile kifungu hakinifungi?"

"Hakijawahi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Ofelia alishika fremu ya mlango. Kila gari lilipopita, alisema polepole, alikuwa akizima mashine ya kusugulia meno na kukaa chini sakafuni mpaka lipotelee mbali. "Na barua ile ya kwanza, nani aliandika?"

Deandra angeweza kumtaja Garo.

"Mimi."

Mlango ulifungwa taratibu, kisha komeo likasukumwa.

Mwezi Machi mafundi wawili walihamia kwa yule jamaa wa mtaa wa pili. Wengine walibaki, ingawa Garo alichungulia dirishani kila asubuhi kuona nani kafika. Mikataba mipya haikuwa na kifungu kile. Ofelia naye aliajiriwa mtaa wa pili. Siku moja walijikuta foleni moja kwenye duka la vifaa vya meno, kila mmoja na mfuko wake wa plasta. Deandra alitaka kutoka.

"Bado uko kwa Tashjian?" Ofelia aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Mwambie mzee huku tunatafuta fundi mwingine, na safari hii usituandikie barua."