Kinyama Kwenye Kidole cha Mwanakombo

Mwaka 1952, mie na shoga yangu Mwanakombo tulikuwa tukishona kofia barazani kwangu, Temeke. Kila mchana tulikula sahani moja.

Siku moja sindano ilimdunga kidole cha shahada. Hakujali. Wiki mbili hazikupita kikaota kinyama chekundu, kilaini, na kabla mwezi haujaandama kimekuwa kama punje ya hindi. Uzi ukikigusa tu, damu inachuruzika.

"Kifunge kwa unywele, kitakatika chenyewe," nikamwambia.

Akakifunga. Damu ikatoka tangu adhuhuri hadi alasiri.

Hapo nikaingiwa na hofu. Mtaani walishaanza kunong'ona kuwa ni ukoma. Kesho yake nikampakulia wali peke yake. Akaitazama ile sahani, kisha akanitazama mie.

"Leo tumegawana, Chausiku?"

"Nimeona ule kwa nafasi."

Akala matonge mawili, akanawa, akaondoka.

Alirudi baada ya wiki tatu. Kidole kilikuwa kimepona, kimebaki kovu jembamba. Nikamkaribisha aketi, akakataa.

"Nimefuata mkasi wangu," akasema. "Nilikwenda zahanati. Daktari alikitazama akasema si ukoma, wala hakiambukizi. Ni nyama iliyoota penye kidonda, imejaa mishipa ya damu. Wakanidunga ganzi, wakakikata, wakachoma shina lake. Kikirudi, nirudi."

"Na ile damu?"

"Ilitaka kukandamizwa kwa kitambaa safi dakika kumi, bila kufunuafunua. Unywele ndio ulioniumiza." Akakikunja kidole. "Lakini shauri la unywele ulinipa kwa kunitakia heri. Hilo sina neno nalo."

Hakuitaja sahani. Nilimpa mkasi, akaenda zake.

Baadaye alihamia Mbwamaji kwa dada yake. Ilinichukua miaka miwili kujikaza, nikamfuata. Nilimkuta anaanika mpunga.

"Nilikutenga, Mwanakombo. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku nyingi," akasema, naamini alisema kweli. Akanitolea mkeka, akaniletea kahawa. Kisha akazungumza habari za mvua, jinsi zilivyochelewa mwaka ule, na habari za ndege walioharibu mpunga, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni aliyepotea njia, mpaka nilipoaga.