Kinywa cha Nizigama

Siku arobaini na moja Nizigama hakuvuta sigara hata moja, na bado Jumamosi hiyo, kwa mara ya nne, mke wake Spès alimnusa shati mlangoni pa nyumba yao kambini Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, akageuka, akarudi na mtoto kwa dada yake Goreth.

Hiyo njo ilimchoma. Spès alikuwa amesema wazi: mtoto anakohoa, siku utaacha sigara nitarudi. Basi akaacha. Akatafuna mihogo mibichi mpaka taya zikauma. Lakini kibarua alichopata Lilongwe kilikuwa kubeba marobota ya tumbaku kwenye mnada, wiki nzima, analala mtaa wa Kawale kwa rafiki. Tumbaku inaingia kwenye shati, kwenye nywele, hata masikioni. Alimweleza Spès mara tatu. Spès akajibu kwamba kila mvutaji iko na histoire yake, hadithi ya kujitetea.

Safari hii akatoka mbio mpaka kwa Chabani, mtu wa Kindu anayeuza sigara moja moja karibu na bomba la maji. Kuvuta havuti, jina la mvutaji analo, basi heri apate na utamu wake. Chabani akafurahi, akasema hata sigara zenyewe zilikuwa zinamuulizia. Akawasha kiberiti.

Sigara ilikuwa tayari mdomoni. Nizigama akautazama ule moto, akawaza: nikivuta hii moja, Spès atakuwa alisema kweli tangu mwanzo. Hasira zikampanda upya. Akairudisha sigara. Chabani akaikataa, imeloa mate, wakabishana mpaka kiberiti kikamuunguza Chabani vidole.

Nizigama akaenda moja kwa moja kwa Goreth. Akavua shati nje, na baridi yote ile ya Julai, akajisugua kwa sabuni mbele ya majirani. Kisha akamwita mke wake.

"Nusa hapa," akasema, kinywa wazi. "Shati ni ya kazi. Kinywa njo yangu."

Spès akanusa kama anapima maziwa yaliyolala. Akarudia.

"Kitunguu tu, sigara hakuna," akasema. "Mbona hukunieleza?"

"Mi nilikueleza mara tatu, Mama Akeza."

"Ulinieleza na shati mwilini." Akamwekea Akeza kifuani, kwenye ngozi ya baridi. Mtoto akapiga kelele.

Nizigama alinuna njia nzima mpaka nyumbani, Spès nyuma yake na mkeka kichwani. Sigara hakugusa tena maisha yake yote. Alisema hawezi kumpa yule mwanamke raha ya kusema alijua tangu mwanzo.