Mna Chereko?

Jina lilikuwa linatakiwa Ijumaa mchana, na Jumanne ile, kwenye chumba cha mkutano juu ya duka la vigae, kila mtu alikuwa ameshatoa la kwake isipokuwa Kalamu.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya mamdogo wake, yaani mdogo wa mama yake kabisa, tumbo moja. Miaka yote walikuwa wanachanganya na kupakia unga wa virutubisho, ule wa kijiko kimoja kwenye glasi ya maziwa, vitamini humo, madini humo, halafu kampuni nyingine inakuja kubandika jina lake na kuondoka na sifa zote. Sasa mamdogo kasema basi. Makopo yao, lebo yao, jina lao, na hilohilo ndilo litakaloandikwa juu ya mlango wa kampuni. Mwenye mashine ya kuchapa lebo naye kawaambia wazi kwamba wakichelewa Ijumaa, nafasi yao anawapa watu wa sabuni.

Majina yalitolewa, we acha tu. Siha Tele, Nguvu Tele, Afya Tele, zikawa tele nyingi hadi mfamasia wao akauliza kama wanauza kopo au lori la mchanga. Mwingine akasema Ponya, mfamasia akakataa palepale, maana kopo la virutubisho likijiita Ponya, wakaguzi watakuja kuuliza limemponya nani. Sauti, yule anayezunguka na gari la matangazo na kipaza sauti, akaleta Simba Dume. Mamdogo akamtazama weee, akamuuliza kama yeye yuko tayari kwenda kumkorogea bibi yake glasi ya Simba Dume.

Watu wakacheka. Kalamu akacheka pia, kwa sababu mdomo unajua wakati wa kucheka hata mwenyewe akiwa hayupo.

Ndiye aliyekuwa anaandika maneno yote pale: vipeperushi, matangazo ya redio, maelekezo ya nyuma ya pakiti. Ndiyo maana wakamwita Kalamu. Alikuwa amerudi kazini jana yake tu, na wenzake walikuwa wanamsalimia kama mtu anayeisogeza glasi iliyokaa ukingoni mwa meza. Lakini yeye hakuwa na huzuni, tuseme ukweli. Huzuni angalau ni kitu. Yeye alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Unauminya, unaona kabisa kwamba ni wako, lakini habari haifiki. Chai aliinywa kwa sababu imeshamiminwa. Alikaa kwa sababu kiti kilikuwepo.

"Na wewe, mwanangu?" mamdogo akamuuliza. "Umekuja kututazama?"

Kalamu akafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa hiki: "Chereko."

Mfamasia akalirudia polepole, kama anaonja. Sauti akalitamka kwa ile sauti yake ya garini, akagonga meza, akasema shem, hapo umemaliza kazi. Alikuwa anamwita shem kwa sababu ni rafiki wa mumewe tangu shule. Mamdogo akainuka. Alitabasamu tu, akalichora jina ubaoni kwa herufi kubwa, na mkutano ukaisha watu wakipeana mikono. Kalamu akapewa mkono na kila mtu. Akaupokea kila mmoja.

Sasa, Chereko hakikuwa kitu alichobuni pale mezani. Chereko alikuwa mtoto wake. Mimba ilipofika miezi mitano, kila mumewe akiwasha redio, mtoto alikuwa anaanza kurukaruka, na mumewe akaweka sikio pale, akasema humu ndani kuna chereko, wametualika sisi tu. Jina likakaa. Asubuhi ni Chereko kaamkaje, jioni ni Chereko kala nini. Hawakumwambia mtu, lilikuwa la nyumbani. Kisha mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, kimya. Mamdogo ndiye aliyekuwa kando ya kitanda siku hiyo, amemshika mkono, na kwa mapenzi yake yote alimwambia, "Msimpe jina, mwanangu. Jina litawafuata nyumbani." Kalamu akaitikia kwa kichwa. Angemwambiaje kwamba jina liko nyumbani siku zote, limetangulia?

Kwa hiyo mamdogo aliliandika ubaoni akiwa hajui anaandika nini, na Kalamu akamwacha aandike. Alijua kwamba likishachapwa halitarudi tena. Alilijua hilo kama unavyojua kwamba kesho ni Jumatano.

Kabla ya jina kwenda kwenye mashine, mamdogo alikuwa na namna yake ya kulijaribu, aliyojifunza enzi zile anauza mafuta ya nywele. Unaingia dukani, unaomba bidhaa ambayo haipo duniani, lakini unaiomba kama mtu aliyeizoea. Muuzaji akikuambia urudie, jina bovu. Akicheka, bovu zaidi. Lakini akiona aibu kuwa hana, akaanza kukudanganya, hapo umepata jina. Jumatano hiyo aliwatuma Sauti na Kalamu. Kalamu ndiye aombe, alisema, kwa sababu Sauti hata akiomba maji ya kunywa anasikika kama anayatangaza.

Wakaanzia barabara ya stendi. Duka la kwanza, mwanamume anahesabu dawa za kikohozi.

"Samahani kaka, mna Chereko?"

Hakuinua hata kichwa. "Imeisha, dada. Pitia Jumatatu."

Nje, Sauti alikuwa anajifunika mdomo kwa furaha. Duka la pili walisema walikuwa nayo ila gari la mzigo limeharibika. La tatu, muuzaji akauliza kama anataka kopo kubwa au dogo, kubwa ndilo limekwisha. Kwenye duka moja la kona, mama mmoja mteja, aliyekuja kununua pamba tu, akajiingiza kwenye mazungumzo, akasema ile Chereko yeye ameitumia na usingizi wake umekuwa wa mtoto mchanga, ila waipunguze sukari. Hapo Sauti ilibidi atoke nje akashike ukuta.

Kalamu aliendelea kuingia na kutoka. Mna Chereko? Ilikuwepo wiki iliyopita. Mna Chereko? Watu wameipenda mno, haikai. Jina ambalo hadi jana yake hakuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote zaidi ya mume wake lilikuwa sasa linapita juu ya kaunta kama chenji, na yeye alikuwa anasubiri kitu kimuume. Kila muuzaji akijibu, anajisikiliza ndani, anakuta pako vilevile. Akaanza hata kufikiri kwamba labda jina ni jina tu, na likishabandikwa kwenye makopo elfu litakuwa la kila mtu na halitakuwa la mtu.

Duka la mwisho lilikuwa dogo, safi, na nyuma ya kaunta alikaa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kalamu akauliza. Yule mama akavaa miwani, akageuka, akatazama rafu zake moja baada ya nyingine, taratibu, kana kwamba inawezekana kweli.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hatuna. Na sidhani kama kuna kitu cha jina hilo. Haijawahi kuwepo."

Jibu la haki kabisa. Ndilo pekee la ukweli walilopata siku nzima. Kalamu alitakiwa aseme asante atoke.

"Ilikuwepo," akasema.

"Labda umechanganya na nyingine."

"Sijachanganya. Ilikuwepo, mama. Mimi nilikuwa nayo."

Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta, na alishangaa kuiona imekaza vile, maana hakuwa ameiagiza. Yule mama akavua miwani. Hakuuliza zaidi, alisema tu kwa upole kwamba basi ataulizia kwa wanaomletea mzigo. Nje, Sauti akauliza wamejibu nini. Kalamu akamwambia hawana. Sauti akasema duka moja tu, shem, hilo halituharibii, na akampigia simu mamdogo palepale barabarani, kwa kelele, kwamba jina limepita na limepitiliza.

Alhamisi jioni mumewe alirudi kutoka kazini, ni fundi umeme, akakaa jikoni kumenya viazi kama kawaida yao. Tangu hospitali nyumba ile ilikuwa imejaa adabu. Nipishe kidogo. Samahani. Asante. Redio ilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyekuwa anaigusa. Kalamu alimweleza bila kuzungusha, kama anamsomea maelekezo ya pakiti: walitaka jina, nikatoa Chereko, wamelipenda, kesho mchana linachapwa.

Kisu kikaendelea na kiazi kilekile hadi maganda yakaisha.

"Ulikusudia?" akauliza.

"Lilitoka tu. Halafu nikaona haliniumi. Nikaona basi, wachukue."

Akaosha kiazi. Akakiweka. Akiwa amempa mgongo, akamwambia kwamba yeye huwa analitaja lile jina. Akiwa juu ya ngazi, kwenye dari za watu, mahali ambapo hakuna anayesikia, analitaja mara moja anaendelea na nyaya zake. Hakuwahi kumwambia kwa sababu alidhani Kalamu hataki tena kulisikia.

"Ukiona ni sawa, sawa," akasema. "Ila mimi sitaweza kuingia dukani nikalikuta kwenye rafu, limeandikwa na tarehe ya kuisha."

Hakulia yeye, wala Kalamu. Walikula viazi. Lakini Kalamu, akiwa anaosha sahani, aligundua kwamba ameshaamua, na uamuzi wenyewe haukuja na joto wala nini. Ulikaa tu pale, kama kiti kingine.

Ijumaa asubuhi alimkuta mamdogo chumba cha kupakia, kofia ya wavu kichwani, unga hadi kwenye nyusi, mashine ya kufunga makopo inagonga. Mamdogo alikuwa na furaha ya bibi harusi. Duka mojawapo limeshampigia Sauti, maana matangazo yote ya mji yako kwake, kuulizia bei ya jumla, fikiria, bidhaa bado haijazaliwa. Kalamu akasubiri amalize.

"Mamdogo, jina nalirudisha."

Mamdogo akacheka, akamwambia hiyo ni hofu ya mtu aliyepatia, yeye mwenyewe anaijua, itapita. Kalamu akasema siyo hofu. Mamdogo akaanza kumkumbusha Ijumaa ni leo, watu wa sabuni wanangoja mlangoni, wapi watapata jina lingine la kudanganyiwa namna ile mji mzima.

"Ni la mtoto," Kalamu akasema.

"Mtoto gani?"

"Wangu."

Mamdogo akanyoosha mkono akazima mashine. Sauti alikuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni na makaratasi ya lebo, mdomo umeshafunguka kutangaza jambo. Akaufunga, akarudi alikotoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyezisikia hatua zake.

"Nilikwambia msimpe," mamdogo akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekagua kufuli aliyoifunga mwenyewe.

"Alikuwa nalo tayari. Tangu mimba ya miezi mitano. Ulivyoniambia pale kitandani alikuwa nalo, nikaona aibu kukwambia."

Mamdogo akakaa juu ya pipa la unga. Akavua kofia, akaikunjakunja, akaivaa tena. Halafu akatoa simu akampigia mwenye mashine ya lebo, akamwambia aiache ile ya mwanzo, aandike Siha Tele. Ilisikika kwamba yule bwana anabisha, anasema Chereko ilikuwa tamu, Siha Tele inafanana na chakula cha kuku.

"Andika hivyohivyo," mamdogo akasema. "Lile lina mwenyewe."

Akakata. Kalamu akasema atakwenda juu kuandika tangazo la Siha Tele, ingawa hajui ataliandikaje, jina lenyewe bovu. Mamdogo akakubali kwamba ni bovu sana. Lakini Kalamu alipofika mlangoni akamwita, siyo kwa Kalamu, kwa lile la mwanangu.

"Siku ile sikumtazama," akasema. "Nesi alinipa nimshike, nikageuza uso. Niliogopa. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

Mamdogo akasogea kwenye lile pipa, akapapasa nafasi kando yake, mkono ukaacha alama kwenye unga. Kalamu akarudi, akakaa. Bado ganzi ilikuwepo, asidanganyike mtu. Ila palikuwa na swali mbele yake na yeye alikuwa na jibu.

Akaanza na nywele, maana zilikuwa nyingi.