Jaketi za Haiuzwi

Sijawahi kuelewa jinsi kichwa cha Sifuna kinavyofanya kazi, na mimi ndiye mshirika wake. Hapa Laini Saba, karibu na reli, tunashona jaketi kwa mapazia ya mtumba: mkono mmoja maua, mwingine mistari, na mfuko mdogo katikati ya mgongo ambao anayevaa hawezi kuufikia. Ukitaka peremende yako, muombe rafiki. Watu walikuwa wakisimama, wanacheka, halafu wanaenda zao. Siku moja nilitoka kununua uzi, kurudi nikamkuta Sifuna na brashi ya rangi nyekundu. Ameandika mgongoni mwa kila jaketi, kwa herufi kubwa: HAIUZWI.

"Sifuna, uko sawa kweli? Tunatafuta wateja na wewe unaandika haiuzwi?"

"Annet, tulia. Ushawahi ona plot imeandikwa haiuzwi, alafu mabroka wakose kuulizia bei?"

Nilitamani kumtupia mkasi. Cherehani yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya Anti Seline, dada ya baba yangu, naye alikuwa ameshapata mtu wa kuinunua. Alinipa muda hadi Jumapili ya Matawi. Jaketi zikikosa watu, mashine inaenda, na mimi narudi kufulia watu nguo kule mtaa wa Ayany, kazi ninayoichukia mpaka vidoleni.

Lakini rangi ilikuwa imekauka, na kusema kweli nilitaka kuona. Tukavaa, tukaenda Kawangware, ambako hakuna anayetujua. Sheria ya Sifuna ilikuwa moja: ukiulizwa bei, sema haiuzwi, kisha endelea kutembea.

Mama mmoja wa viazi aliacha kumenya. "Si uniuzie hiyo?"

"Haiuzwi."

"Kwani ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa kama ni yako na hauuzi, unatuonyesha ya nini?"

Waendesha boda wakatupigia mbinja, watu wakaanza kutufuata wakibishana sisi ni kanisa gani. Mimi nasema haiuzwi huku nahesabu hela tunazopoteza, maana kuna waliokuwa wameshatoa simu walipe.

Tulipochoka tukaegemea ukuta wa plot moja, kiwanja chenye nyumba, nyuma ya soko. Lango likafunguka, na maji ya sabuni, beseni zima, yakatumwagikia.

"Mwambieni shemeji yangu sitoki hapa!" Alikuwa mama mzee, mfupi, kitambaa kichwani. "Amewakodi mlinde plot ionekane ni yake, ama?"

Tukageuka. Ukutani, kwa rangi iliyofifia, palikuwa pameandikwa PLOT HII HAIUZWI. Kati ya kuta zote za Kawangware, tulikuwa tumechagua huo.

"Shosho, pole," nikasema, maji yakinichuruzika. "Hakuna mtu ametutuma. Sisi tunashona nguo. Hili neno mgongoni ni jina la nguo tu."

"Nguo gani haiuzwi?"

Mama yule akanigeuza, akapapasa mishono, akafika kwenye mfuko. Akatia mkono, akatoa peremende yangu, akaila. Ndipo akacheka.

Alikuwa anaitwa Nduta. Tangu mumewe afariki, shemeji yake na mabroka wa ardhi hawamwachi, na kila akiandika ukutani, kuna mtu anakuja kufuta. "Ukuta watafuta," akasema. "Mgongo wangu wataufuta vipi?" Akaingia ndani, akarudi na koti la kaki la marehemu. "Kama hamuuzi, basi nishoneeni. Kushona si kunalipiwa?"

Nikamtazama Sifuna, naye akanitazama. Neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo! Haiuzwi, inashonwa. Leta nguo yako, tuambie kile ambacho hutaki kukiachia, tukuandikie mgongoni. Nilikasirika kwamba sikulifikiria mimi, nikafurahi papo hapo.

Shosho Nduta alilivaa lile koti kanisani, akakaa kiti cha mbele makusudi. Baada ya hapo wajane wenzake wakaanza kuja Laini Saba na makoti, mashuka, hata pazia la sebuleni. Mmoja alitaka SIHAMI. Mama wa viazi naye akaja, akataka SIKOPESHI.

Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, Anti Seline alifika na mnunuzi wake, tawi bado liko mkononi. Akakuta wanawake wamejaa mlangoni.

"Hawa wote wanataka nini?"

"Kushonewa, Anti."

Mnunuzi alikuwa ameshainama, anazungusha gurudumu la cherehani, anapima mkanda kwa kidole. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba aniongeze muda. Anti akampa Sifuna lile tawi ashike, akamwomba brashi. Akainama mbele ya meza ya cherehani na kuandika polepole, ulimi nje kidogo, mpaka herufi zote saba zikatimia. Machozi yakanitoka, sikujali nani anaona.

Mnunuzi akarudi nyuma kidogo, akasoma.

"Na nikiongeza bei?" akauliza.